Nkawa Zisizo na Miiba

Machakos,
Jumapili, 11 Mei 2025

Susu mpendwa,

Uliponisindikiza siku ya kurudi shuleni uliniambia, "Usiniandikie barua ya kunifurahisha, niandikie ya kweli." Basi naahidi kukueleza yote, mazuri na mabaya, nami nakuomba unijibu vivyo hivyo. Nitaanza na baya: nimepata alama thelathini na nane katika Fizikia. Nitapanda.

Zuri ni hili. Bi. Ruqaya, mwalimu wetu wa Biolojia, ametuambia kila mmoja achague mmea wa kwao na kuufanyia utafiti kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule, tarehe kumi na nne Juni. Wengi wamechagua mwarobaini na mlonge. Mimi nimechagua mukawa, ule mti wetu wa miiba. Darasa lilicheka. Lavender, anayelala kitanda cha juu yangu na kwao ni Syokimau, alisema, "Si hiyo ni ua tu ya kuzuia mbuzi?" Lakini Bi. Ruqaya alisema rangi ile nyeusi ya nkawa, matunda yake, inayotuchafua midomo, ndiyo yenye antioksidanti nyingi, yaani vitu vinavyozuia mwili usichakae kabla ya wakati. Susu, miaka yote hiyo tumekuwa tukila dawa tukidhani ni utundu.

Tafadhali nieleze matumizi yote ya mukawa unayoyajua. Na ukiweza, nitumie mkebe mmoja wa nkawa zilizoiva. Simu haturuhusiwi, lakini Kalekye ataacha barua na mzigo langoni kila anapoleta mboga sokoni.

Sasa swali langu. Wakati wa likizo ulitia chumvi kwenye chai mara mbili, na asubuhi moja ulinisalimia kwa jina la Mama, ambaye alikuwa kazini kwake Athi River. Ulisema ni moshi wa jikoni. Je, macho yako yanaona?

Baba Katekista Bartholomew, najua ni wewe unayemsomea. Nakusalimu pia. Tafadhali soma bila kuruka.

Mjukuu wako,
Nthambi


Kalama,
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mwiitu wakwa, binti yangu Nthambi,

Mimi Susu yako Munyiva nasema, na Bartholomew anaandika. Nimemwapisha aandike maneno yangu na si yake, kwa sababu akiachiwa kalamu atahubiri.

Alama thelathini na nane sijui ni kitu gani, lakini Bartholomew ameguna alipoisoma, kwa hivyo soma. Huyo Lavender mwambie mbuzi wa kwetu ana akili kumshinda, maana mbuzi huonja kwanza ndipo aseme.

Andika hivi. Nkawa ni chakula cha mchunga mifugo. Mwaka wa njaa, mama yako akiwa mdogo, alikuwa anarudi nyumbani mdomo mweusi, ananiambia, "Mama, mimi nimeshiba," na isyo yake, yale mahindi na maharagwe, naigawia wadogo zake. Mizizi inachemshwa na supu ya mifupa, mtu anapona magoti, na mwanamke aliyejifungua anapata nguvu. Miti ikipandwa kuzunguka boma, fisi anapita mbali. Na mzizi mkavu ukiutia ndani ya kibuyu cha maji, maji yananukia, hata mgeni anaomba tena.

Macho yangu ni mazima. Moshi ni moshi. Na chai ya chumvi haijaua mtu.

Hapa mimi Bartholomew nimemwuliza Bibi kama kweli niandike hilo la chumvi. Amesema, "Andika. Unaogopa chumvi?"

Nkawa ziko kwenye mkebe. Nimeziacha na vijiti vyake ili usiseme nimekutumia za watu wengine.

Susu yako,
Munyiva
(kwa mkono wa Bartholomew)


Machakos,
Jumapili, 25 Mei 2025

Susu mpendwa,

Asante. Asante tena. Mkebe ulifika ukiwa na joto la jua bado, nami nilikula nne kabla ya kuupeleka maabara. Hilo ni kosa la kisayansi na nimekiri kwa Bi. Ruqaya.

Ngoja nikuambie tulichofanya. Alichanganya uji mwepesi sana wa unga wa mahindi na iodini, ukawa wa buluu kama wino. Akanipa bomba dogo la kioo lenye maji ya nkawa, nikadondosha tone kwa tone. Tone la saba, buluu ilipotea, ikabaki rangi ya waridi hafifu. Maana yake mna vitamini C ndani. Lavender akasema, "Hebu nionje moja." Akala kumi na moja, kisha akaniuliza kama mbuzi wetu wanakula hivi kila siku.

Sasa nimeandika bango langu, na nakala yake nimeitia ndani ya bahasha hii. Nimeliita "Mukawa: Dawa ya Magoti, Damu na Macho". Hayo ya magoti ni yako. Ya macho nimeyapata kwenye kitabu cha maktaba kinachosema matunda ya rangi ya zambarau ni mazuri kwa macho. Susu, niliposoma hivyo nilikufikiria wewe, na nililiandika neno hilo kwa herufi kubwa kuliko mengine.

Nina maombi mawili. Nitapika jemu ya nkawa ili waamuzi waonje, kwa hivyo nahitaji mkebe mkubwa zaidi, ule wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Tena safari hii tafadhali zije bila vijiti wala miiba. Askari wa langoni huupekua kila mzigo, naye alichomwa kidole. Alisema, "Mwiba mwingine ukiingia hapa, utaandikwa kwenye kitabu cha wageni."

Mjukuu wako mwenye shukrani,
Nthambi


Kalama,
Ijumaa, 30 Mei 2025

Mwiitu wakwa,

Ile sehemu ya macho nimemwambia Bartholomew airudie mara tatu.

Unamjua Nzisa, mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu Krismasi huyo mtoto ananisumbua. "Susu, una mtoto wa jicho, twende hospitali ukafanyiwe upasuaji." Mimi nilikuwa namwambia ni wingu dogo, litapita. Leo nimemwita asomewe barua yako. Nikamwambia, "Unasikia? Dawa ya macho iko kwenye ua wangu, na aliyesema ni mjukuu wangu wa Kidato cha Tatu. Wewe uliishia wapi?" Ameondoka bila kumaliza chai, na safari hii ilikuwa na sukari.

Kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Bartholomew amenichimbia mizizi, nakunywa supu yake asubuhi na jioni. Nakushukuru, mwanangu. Nimelipa karo miaka mitatu na leo nimekula matunda yake.

Nkawa za kwenye ua zilikuwa zimekwisha. Nimepanda mpaka kule kwenye mawe, juu ya kisima, nikazichuma mwenyewe kwa mikono yangu. Vijiti nimevitoa vyote kama ulivyosema.

Bartholomew anataka kuongeza neno. Nimemkataza.

Susu yako,
Munyiva


Machakos,
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwa Baba Katekista Bartholomew,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako. Naomba usimsomee Susu.

Mkebe niliufungua maabara. Juu palikuwa na nkawa. Chini, karibu theluthi ya mkebe, palikuwa na matunda makubwa kidogo, na nilipopasua moja nilikuta mbegu moja kubwa badala ya zile ndogo bapa. Kisha nikapata kijiti kimoja kilichosahaulika. Majani yaleyale ya kung'aa, utomvu uleule mweupe, lakini hakina mwiba hata mmoja.

Ni kivai, mti wa sumu. Wewe umekulia Kalama, huhitaji mimi nikuambie wawindaji wa zamani walipaka nini kwenye mishale yao.

Nilikuwa na miaka minne Susu aliponishika kidole, akakichoma kwenye mwiba wa mukawa, kidogo tu, akasema, "Usile tunda la mti usiokuchoma." Mtu aliyenifundisha hivyo hawezi kukosea, kama anaona. Na ni mimi niliyeomba zije bila miiba. Laiti zingekuja kwenye vijiti vyake, ningejua nilipofunua kifuniko tu. Kama ningekuwa na haraka siku ile ningezipika zote pamoja.

Nimezitupa, na hakuna aliyeonja. Bi. Ruqaya peke yake ndiye anayejua. Lakini sijapata usingizi, kwa sababu najiuliza kama Susu naye alikula za kule kwenye mawe. Tafadhali niambie ukweli. Susu anaona kiasi gani?

Nthambi Muthoka


Kalama,
Jumatano, 11 Juni 2025

Nthambi, mwanangu,

Leo naandika maneno yangu mwenyewe, na nakuta ni magumu kuliko ya Bibi.

Hakula. Alisema zote ni za mtoto. Nayo mizizi ya supu niliichimba mimi kwenye ua wenyewe, penye miiba tele, kwa hivyo ondoa hofu hiyo.

Jicho la kulia linaona mwanga tu. La kushoto linaona kivuli cha mtu akisimama mlangoni, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Ndiyo sababu anapenda kutania watu: anawatania ili wajibu. Kanisani anagusa benchi moja moja mpaka la nne. Anashika kitabu cha nyimbo ingawa anazijua zote kwa kichwa, na Jumapili iliyopita kilikuwa juu chini. Hakuna aliyecheka.

Siku ile ya kuchuma, Kalekye alimkuta kule kwenye mawe mikono imechanika mpaka kwenye kiwiko. Pale mukawa na kivai vimeota vikakumbatiana. Nadhani alipapasa miiba ya mmoja akachuma matunda ya mwingine. Alimwambia Kalekye, "Nikichomwa najua niko mahali pazuri."

Aliniapisha nisiandike ila maneno yake, na nimekishika kiapo hicho kama mjinga. Nimemwomba aende hospitali. Nzisa amemwomba. Jibu lake sasa ni moja tu: "Nthambi ameandika." Analo lile bango ulilomnakilia, amelikunja ndani ya leso yake. Sisi hatuwezi kulifuta neno hilo, Nthambi. Ni lako.

Bartholomew


Machakos,
Jumapili, 15 Juni 2025

Susu mpendwa,

Niliahidi kukuambia yote, nikavunja ahadi hiyo wiki iliyopita. Nilimwandikia Baba Katekista kwa siri. Usimlaumu. Mlaumu huyu unayemsomesha.

Mkebe mkubwa ulikuwa na kivai ndani. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa upole lakini haina upole. Hakuna aliyekula.

Maonyesho yalikuwa jana. Sikupika jemu. Niliweka mezani matawi mawili, la mukawa kutoka kwenye mkebe wa kwanza na kile kijiti cha kivai ndani ya chupa iliyofungwa, nikawauliza waamuzi ni lipi linaliwa. Wawili kati ya watatu walikosea. Ndipo nikawaeleza habari ya mwiba kama ulivyonifundisha. Nimekuwa wa nne. Lavender, mwenye mlonge wake, amekuwa wa pili, na amelala jana usiku akiwa na cheti chini ya mto.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Kabla ya maonyesho Bi. Ruqaya alisimama mbele ya bango langu, akaweka kidole kwenye neno MACHO, akaniuliza, "Nthambi, hili umelipima au umelitamani?" Susu, nilikuwa nimelitamani. Kitabu kilisema matunda ya rangi ile ni chakula kizuri kwa macho, kama mboga zilivyo nzuri. Hakikusema yanaondoa mtoto wa jicho. Hayaondoi. Supu ya mizizi haiondoi. Jicho lako ni kama taa ya kandili ambayo kioo chake kimeingia ukungu kwa ndani. Hata ukiijaza mafuta mazuri namna gani, mwanga hautoki. Ni lazima kioo kibadilishwe, na madaktari wanajua kukibadilisha. Neno hilo nimelifuta kwenye bango langu. Nakuomba unisaidie kulifuta na kwenye lile lililo ndani ya leso yako.

Madaktari wa macho watakuwa hospitali ya kaunti hapa mjini Jumanne, tarehe moja Julai. Zuleha, mama yake Bi. Ruqaya, alifanyiwa upasuaji huo mwaka jana, akalala usiku mmoja, na sasa anamkosoa fundi cherehani wa dukani mwao kwa kila mshono. Mama ameomba ruhusa kazini ili akushike mkono.

Unakumbuka ulisema umelipa karo na kula matunda yake? Mimi nimekula ya kwako tangu nikiwa na miaka minne, Mama alipokwenda Athi River. Ulinipa nkawa zilizoiva na ukala zile chungu, ukisema ndizo unazozipenda. Niliamini hivyo mpaka nilipofika Kidato cha Kwanza. Sina cha kukulipa. Nina hili ombi tu.

Mjukuu wako,
Nthambi


Kalama,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Nthambi,

Nilikaa siku mbili bila kujibu. Kwanza nilimkasirikia Bartholomew. Anaandika hapa akiwa ameinamisha kichwa, natumaini.

Kisha nikaifikiria hiyo kivai. Mikono hii imechuma nkawa miaka sitini. Nilijua macho yameniacha, lakini mikono niliiamini. Kama mtoto wa mtu angelamba kijiko cha jemu hiyo, ningefia wapi?

Sasa nitakuambia kwa nini nilificha. Mwaka nilioteguka nyonga, mama yako alikuwa darasa la saba. Alikaa nyumbani wiki moja anichotee maji. Wiki ikawa muhula. Alikuwa wa kwanza darasani, Nthambi, na hakurudi. Leo anashona suruali za watu asiowajua. Wewe nakujua. Ungesikia Susu haoni, ungefunga sanduku lako ukaja. Ndiyo maana nilisema moshi.

Hapa Bibi amefunika uso kwa leso. Mimi Bartholomew nimemwuliza kama niandike hilo. Amesema, "Andika kwamba nakohoa."

Nitakwenda. Jicho moja tu, la kushoto. La kulia nabaki nalo, wakiharibu hilo lingine niwe na la kugombania. Nzisa ameitwa, nimemwomba radhi, akamaliza chai. Bartholomew abaki nyumbani, maana atawaombea wauguzi mpaka washindwe kufanya kazi.

Lakini uniahidi kitu. Iwe imefaulu au haikufaulu, hutafunga sanduku.

Susu yako,
Munyiva


Machakos,
Jumapili, 6 Julai 2025

Susu mpendwa,

Naahidi. Sanduku langu liko chini ya kitanda na litabaki huko mpaka tufunge shule.

Jumanne nilikuwa darasani na hospitali iko hatua chache kutoka hapa, lakini Bi. Ruqaya alisema mtahiniwa wa Kemia haponyi mtu kwa kuchungulia dirishani. Niliandika mtihani. Nilimwomba Mungu kati ya swali la tatu na la nne.

Ijumaa Kalekye alinikuta langoni. Nilimwuliza kabla hajashusha gunia. Akasema, "Huyo bibi yako ametuchosha." Akasema Jumatano ulipofunguliwa bandeji ulimtazama Mama, ukamwambia amekonda na arudi kwa aliyemsuka nywele. Akasema ulipofika nyumbani ulisimama mbele ya Baba Katekista ukamwambia, "Kumbe na wewe umezeeka, na ulininyamazia." Akasema umezunguka boma lote ukihesabu mapengo kwenye ua wa mukawa, na umemwambia Nzisa akuandikie nafasi ya jicho la kulia mwezi wa tisa. Nilicheka mpaka askari wa langoni akaniuliza kama kuna mwiba.

Kisha nikaenda nyuma ya maabara nikalia kidogo, lakini kwa shukrani. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari ambaye sijui jina lake. Namshukuru Baba Katekista kwa kuvunja kiapo. Nakushukuru wewe zaidi, kwa sababu najua sasa kwamba kupanda kwenye mawe gizani kwa ajili ya jemu ya mtoto si jambo ambalo mtu hulilipa.

Kuna kitu kimoja kimebaki, nami nakiuliza bila hasira. Krismasi ulinisifu gauni la kijani, na lilikuwa jekundu. Siku niliyokuja na sare ya Kidato cha Kwanza ulinishika uso kwa mikono miwili muda mrefu, nikadhani ni furaha tu. Nimejaribu kuhesabu kurudi nyuma nikakosa mahali pa kusimama. Likizo ikifika nitashuka njia panda nikiwa mrefu kuliko Mama, nina miwani, na jino langu la mbele limekatika kipande kidogo. Sitaki ushtuke.

Kalekye atapita langoni Ijumaa, nami nitakuwa nangoja. Usinijibu kwa kunifurahisha. Susu, mara ya mwisho uliponiona uso vizuri, nilikuwa darasa la ngapi?

Mjukuu wako,
Nthambi